Benki ya wanafunzi: pesa ni za mtoto
Hotuba ya Kamati ya Elimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20



Tumeombwa tuseme juu ya benki ya shule. Tutaanzia mbali kidogo, mpakani, maana wanafunzi wengi wa leo hawakuyaona mambo hayo. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 kugeuka umwagaji damu, tulivuka kwa maelfu kupitia Busia na Malaba. Wengine wetu tulilala katika Shule ya Msingi ya St. Jude pale Malaba, kisha tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kwenye mahema. Aliyeweka akiba chini ya godoro, akiba iliungua pamoja na nyumba. Aliyekuwa nayo benki alikuwa na pa kuanzia.

Watoto nao walipata somo lao. Wakati ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu shilingi 25 za Uganda. Mtoto mmoja wetu alitumwa na noti ya mia akabadilishe, akarudi mbio na 2,200, akishangilia kwamba tumetajirika. Mama yake akamketisha chini wakazidisha pamoja. Zilipungua 300! Leo ni mtu mzima, na bado habadilishi pesa kabla ya kuuliza kwa watu watatu.

Ndiyo hesabu tunayoitaka katika benki ya wanafunzi. Huko nyuma tulimkabidhi mtu mzima mmoja akiba ya watoto. Hatutamtaja. Muhula ulipokwisha pesa hazikuwepo, na daftari pia halikuwepo. Watoto walituuliza, tukakosa la kuwajibu. Ndiyo sababu sasa wanafunzi wenyewe huchagua mweka hazina, katibu na wahesabu wawili. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanafunzi watatu wa madarasa tofauti. Hilo tumeliiga kutoka vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo vilianzia kwa akina mama wa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Kila Ijumaa pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mtoto huandikiwa katika kitabu chake. Mwisho wa mwezi zinapelekwa benki mjini. Walimu wawili hutia sahihi, lakini wahesabu huenda nao na kurudi na risiti.

Sasa kuna jambo linalotugawa, na tusilifiche. Baadhi ya wazazi, na maafisa wengine pia, wanataka akiba irudishwe kwa vitabu na sare tu, mtoto asishike pesa. Wanaogopa peremende na video. Hofu hiyo tunaielewa, sisi pia ni wazazi. Lakini katika shule za msingi 136 hapa Uganda wataalamu walilipima jambo hili, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Watoto walioahidiwa pesa taslimu waliweka zaidi kuliko walioahidiwa vocha ya vifaa vya shule. Na pale ambapo wazazi waliitwa wakaelezwa mpango, watoto hao wa pesa taslimu walinunua vifaa zaidi, hata alama za mtihani zikapanda kidogo. Za vocha hazikuleta hayo.

Kwa hiyo kamati imekataa vocha. Mtoto akijua pesa yake imefungwa, ataipeleka dukani kabla haijafika kwenye sanduku.

Kuna na lingine, ambalo shule za vijijini hazina. Sisi ni watu wa kuondoka. Familia huitwa leo kurudi nyumbani au kwenda nchi ya tatu, kesho iko kwenye lori. Mtoto hawezi kungoja mwisho wa muhula. Tumeamua kwamba anayeondoka alipwe yote kabla ya safari, na kwa ajili hiyo sehemu ndogo ya pesa hubaki sandukuni bila kupelekwa mjini. Maafisa wa mashirika, tunawaomba mtujulishe majina mapema. Mara nyingine tunaliona lori kabla ya kuliona jina.

Uchaguzi wa viongozi wapya wa benki ni Ijumaa baada ya mapumziko ya saa nne. Wazazi mnakaribishwa kuangalia, ila kura ni za wanafunzi.