Kituo cha Data Kijengwe Wapi?

Matini ya mada iliyowasilishwa katika mkutano wa hadhara wa kata

Mtoto anaposajiliwa kuzaliwa, mfanyabiashara anapolipa ushuru kwa namba ya malipo, mgonjwa anapoandikishwa kituo cha afya, taarifa zake hazikai tena kabatini peke yake. Hutunzwa katika seva, na seva hukaa ndani ya jengo liitwalo kituo cha data. Jengo hilo lina majirani, na limesimama ama bondeni ama mlimani. Kwa hiyo mahali pa kulijenga si suala la mafundi peke yao.

Swali la kwanza ni la maji. Tarehe 29 Oktoba 2012, kimbunga Sandy kiliisukuma bahari hadi mitaa ya kusini mwa Manhattan, jijini New York. Katika jengo moja seva zilikuwa juu, zikabaki kavu. Lakini pampu ya kupandishia mafuta ya jenereta ilikuwa chini ya ardhi, ikazama. Ikawabidi wafanyakazi kubeba dizeli kwa ndoo, ngazi baada ya ngazi, hadi ghorofa ya 17. Funzo ni kwamba usalama wa kituo haupimwi kwa kifaa chenye thamani kubwa, bali kwa kile kidogo ambacho kikizimika vyote husimama.

Swali la pili ni la umeme na joto. Seva hazilali, nazo hutoa joto mchana na usiku. Ndiyo maana mwaka 2013 Facebook ilifungua kituo chake Luleå, kaskazini mwa Uswidi, ambako hewa baridi ya nje hupoza mitambo na umeme hutokana na nguvu ya maji ya mto. Penye joto, ubaridi hununuliwa kwa umeme mwingi au kwa maji mengi. Wananchi wana haki ya kuuliza maji hayo yatatoka chanzo gani, na ni nani wengine wanaokitegemea.

Swali la tatu ni la mawasiliano. Mwezi Mei 2024, mikongo miwili ya baharini ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini Tanzania na katika nchi jirani. Kuwa karibu na mkongo mmoja hakutoshi. Njia ziwe zaidi ya moja, wala zisipite katika mtaro mmoja.

Swali la nne ni la nakala. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha data mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza taarifa zao moja kwa moja. Kiwanja kizuri kiasi gani hakiondoi haja ya nakala iliyo mbali.

Ndugu wananchi, lipo pia suala la ardhi. Ujenzi wa kituo huhitaji vibarua wengi, lakini kikishakamilika huendeshwa na watu wachache. Mwenye shamba aambiwe ukweli huo kabla ya kukubali fidia, si baada ya uzio kujengwa.

Kiwanja cha bei nafuu mara nyingi huwa cha bondeni, nayo maji hufuata mkondo. Wataalamu huja na ramani na vipimo vya udongo, ambavyo ni vya lazima. Lakini mzee aliyeshuhudia mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 anajua maji yalifika mti gani, na daraja lipi halikupitika. Ushahidi wake uandikwe katika muhtasari wa mkutano mapema, kabla jiwe la msingi halijawekwa, kwa kuwa taarifa zitakazotunzwa humo ni za wajukuu wake.