Noeli na Bonane: pesa yetu ikae kwa wamama wetu

Wananchi wenzetu, vijana wa Masisi na Walikale munaoishi mjini,

Tuongee kidogo juu ya zawadi. Tunajua, wengi hawana hata ya kula. Lakini hata mwaka huu, mwenye kupata kidogo atatafuta kitu cha kupelekea mama, nguo ya mtoto, chakula cha siku kuu. Swali letu ni moja tu: hiyo pesa kidogo tutamupa nani?

Munajua tulipotoka. Masisi-centre ilianguka mwezi wa kwanza wa 2025, kisha Goma. Mwezi wa pili kambi za wakimbizi za pembeni ya Goma zikavunjwa, familia zikarudi Masisi wakati mashamba hayana kitu. Mwezi wa tatu vita vikafika Walikale-centre. Wale wenye walirudi hawakungojea musaada tu. Mama alianza tena na beseni moja ya maharagi, ao bidoni moja ya mawese. Hiyo bidoni ndiyo benki yake. Ikiisha bila faida, watoto hawasomi.

Basi, zawadi ziko hapa kwetu. Fromaji ya Masisi, ile ya muviringo, inasafiri bila friji. Maharagi na viazi vya milimani. Mchele na mawese ya Walikale. Kitunga cha kusukwa. Nguo ya mtoto, mupeleke kitenge kwa fundi wa avenue yenu, mapema, asikeshe usiku wa tarehe 24.

Mutasema: "Lakini kwa mama bei iko juu." Mara ingine ni kweli. Kila baryeri ya njiani inakula, na mwenye gari anaongeza. Mama hakuunda hiyo bei. Lakini tukuwe wakweli: kwa duka kubwa tunalipa bila kusema kitu, kwa mama wa chini tunakata bei mpaka anauza kwa hasara. Hiyo si ujanja. Ni kumunyanganya mwenye hana nguvu ya kukataa.

Kwa hiyo tunaombana mambo matatu. Moja, tusichukue deni kwa mwenye kuuza ili ale jioni. Mbili, banki zilifungwa mwezi wa kwanza wa 2025, feza ya mkononi ikakuwa shida. Ukilipa kwa simu, ongeza pesa ya kutoa. Tatu, ukipata muuzaji muzuri, onyesha rafiki zako mahali anauzia.

Hatusemi fromaji moja italeta amani. Amani na barabara bila baryeri tutaendelea kudai kwa wenye wanapaswa kutupatia. Lakini kununua kwa mama wa Masisi, hiyo hatuombe ruhusa kwa mtu. Tuanze leo.

Noeli njema, na Bonane itukute wote wazima.