Mjumbe ni wa Nani? Madiwani katika Serikali tangu Zamani hadi Kambini Kwetu

(Hotuba ya walimu wa shule ya msingi, iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa Kamati ya Jamii, Nkoma)



Kwanza kabisa tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi sisi walimu tuseme machache katika siku hii. Tuliambiwa tuchague somo wenyewe, nasi tumechagua somo la madiwani, yaani wale ambao wenyeji wetu wa Uganda huwaita makansala, na ambao sisi kambini tunawaita wajumbe. Sababu yetu ni moja. Uchaguzi wa Kamati mpya umekaribia, na kila tukipita kwenye foleni ya maji tunasikia maneno haya: "Mjumbe ni wa nini? Hana pesa, hana polisi, hana sheria. Chakula kilipopunguzwa, alifanya nini?" Wapo wanaosema hawatajitokeza kuchagua. Swali lao si la utovu wa adabu. Linastahili jibu, na sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya nchi hii iliyotupokea, hasa huku mashariki, Mbale na Jinja.

Tuanze na neno lenyewe. Katika karne ya 7, Khalifa Umar aliagiza liandikwe daftari la majina ya askari na jamaa waliostahili kupewa posho kutoka hazina. Daftari hilo liliitwa diwani, neno ambalo wataalamu wengi husema asili yake ni Uajemi. Baadaye neno likawa jina la ofisi ya serikali. Lilipofika pwani yetu likawa cheo cha mtu: watawala wa Vumba, karibu na mpaka wa sasa wa Kenya na Tanzania, waliitwa madiwani, na vilevile wakubwa wa miji ya Mrima. Leo nchini Tanzania diwani ni mtu anayechaguliwa na wananchi wa kata yake awasemee katika halmashauri. Basi neno moja limebeba mambo matatu: orodha ya posho, mtawala, na msemaji wa watu. Sisi tunaojua maana ya jina kukosekana kwenye orodha hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Sasa tuje huku mashariki. Kabla ya ukoloni Wagisu hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo. Busoga ilikuwa na watawala wengi, kila mmoja na eneo lake na washauri wake. Buganda ilikuwa na Kabaka pamoja na baraza lake, Lukiiko. Utaratibu huo wa Buganda ndio Waingereza waliouchukua kuwa kielelezo, wakaupeleka hata mahali ambapo haukujulikana.

Aliyeuleta huku ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 alijenga makao yake Mbale, akaigawa nchi katika saza, gombolola na miruka, akaweka machifu wa Kiganda. Mwaka 1906 Waingereza walimhamishia Busoga, awe rais wa baraza la machifu wa huko, na alikaa katika kazi hiyo hadi mwaka 1913. Wajumbe wa baraza lile walikuwa machifu. Kazi waliyotarajiwa kuifanya ilikuwa kukusanya kodi, kutoa watu wa kujenga barabara, na kusimamia kilimo cha pamba. Amri ilishuka kutoka juu, nao waliishusha hadi kijijini. Mwaka 1919 Wasoga walimpata rais aliye mwenyeji wao, Ezekieli Tenywa Wako, chifu wa Bulamogi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo baraza lilibaki baraza la wakubwa. Mkulima alisemewa na mtu ambaye hakumchagua na ambaye hakuweza kumwondoa.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ya mwaka 1949 iliweka mabaraza kwa ngazi, tangu muluka hadi wilaya, na sheria ya mwaka 1955 ikayaongezea mabaraza ya wilaya madaraka na wajumbe wa kuchaguliwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Bugisu, Bukedi au Busoga aliweza kusema, "Yule ni diwani wangu."

Lakini, ndugu zetu, tusidhani kwamba kuwa na baraza kunatosha. Mnamo Januari 1960 ghasia kubwa zilizuka Bukedi na kuingia sehemu za Bugisu. Watu walichoma nyumba za machifu, na serikali ilituma polisi kisha ikaunda tume ya uchunguzi. Kisa kikubwa kilikuwa kodi. Kila mtu alikadiriwa kulingana na mali yake, na wengi waliona makadirio yamefanywa kwa upendeleo: jamaa ya chifu anaandikiwa kidogo, maskini anaandikiwa kingi. Mabaraza yalikuwapo, na wajumbe walikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya malalamiko ya mlipa kodi kupanda juu na jibu lake kurudi chini. Njia ilipozibika, watu walishika moto.

Jambo jingine la miaka hiyo linatuhusu sana. Baraza la Bugisu na lile la Bukedi waligombania mji wa Mbale, kila upande ukisema mji ni wake. Mwafaka haukupatikana, na Katiba ya Uhuru ya mwaka 1962 iliutaja Mbale peke yake, nje ya wilaya zote mbili. Kila diwani aliwasemea watu wa kwao, na mji waliokuwa wakiutumia pamoja ukakosa wa kuusemea. Sisi hapa tumetoka nchi mbalimbali na makabila mengi, na bomba la maji ni moja. Mjumbe anayewasemea watu wa lugha yake tu atatufikisha pale pale.

Baada ya hapo mabaraza yalianza kunyang'anywa nguvu. Sheria ya Tawala za Mitaa ya mwaka 1967 ilimpa Waziri mamlaka makubwa juu yake. Idi Amin alipotwaa serikali mwaka 1971 mabaraza yalivunjwa, na askari wakapewa kazi za utawala. Wala si Uganda peke yake iliyopita njia hiyo. Tanzania nayo, kwa nia ya kupeleka madaraka mikoani, ilizivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972 na kuweka maofisa wa serikali mahali pake. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzivunja kulikuwa kosa. Maofisa wale walikuwa wasomi, na wengi walikuwa na moyo wa kazi. Lakini ofisa anahamishwa kesho, wala hana deni kwa mtu wa kijiji. Wageni wetu wa mashirika, tunalisema hili kwa heshima: nanyi mna ujuzi na mna moyo, lakini mkataba wenu huisha, nasi hubaki.

Mwaka 1986 Uganda ilianza utaratibu mwingine, ambao mizizi yake ilikuwa katika vita vya msituni vya Luwero. Mabaraza yale yalijulikana kwa kifupi kama RC. Watu wazima wote wa kijiji walikuwa ndio baraza, nao walichagua kamati ya watu 9, mmoja wao akiwa wa mambo ya wanawake. Hapakuwa na karatasi za kura. Watu walipanga mstari nyuma ya yule waliyemtaka. Kijiji kiliweza pia kumwondoa aliyeharibu kazi. Kamati zilithibitisha barua za wakazi, zilisikiliza kesi ndogo ndogo, ziliangalia usalama. Katiba ya mwaka 1995 ilibadili jina kuwa LC, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikaagiza kwamba theluthi moja ya wajumbe wa mabaraza iwe wanawake. Aidha, sheria hiyo iliagiza gombolola za vijijini zibaki na asilimia 65 ya mapato zinayokusanya, na kwamba robo ya fedha hizo ifike hadi LC ya kijiji.

Tukisikia hayo tunaweza kudhani kwamba hadithi imeisha vizuri. La, haijaisha. Kodi ya kichwa, iliyokuwa chanzo kikubwa cha mapato ya mabaraza, ilisitishwa mwaka 2005. Watu wengi walifurahi, lakini mifuko ya mabaraza ilipungua. Uchaguzi wa LC za vijiji uliofanyika mwaka 2001 haukurudiwa hadi tarehe 10 Julai 2018, miaka 17 baadaye. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2001 alikuwa karibu kumaliza shule ya upili kabla kijiji chake hakijachagua tena. Wenyekiti wengine walizeeka ofisini, na wengine walifariki. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo, mtu wa Mbale aliyetaka barua ya utambulisho, au aliyegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, alikwenda kwa mwenyekiti wa LC. Jina la wajumbe halikufa kwa sababu watu hawakuacha kuwatumia.

Basi turudi kambini. Kamati za ustawi wa wakimbizi nchini Uganda zimejengwa kwa mfano wa LC, kwa ngazi tatu. Lakini hazimo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997. Tena Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ambayo imetupa haki ya kufanya kazi na kutembea, inatukataza kufanya siasa hapa nchini. Kwa hiyo wasemao kwamba mjumbe wetu hana pesa, polisi wala sheria, wamesema kweli.

Je, hana kitu? Tumeona kwamba machifu wa zamani walikuwa na polisi na kodi, na nyumba zao zilichomwa. Tumeona pia kwamba wenyekiti wa LC waliofikiwa na senti chache, au wasiofikiwa na kitu, waliendelea kuendewa na watu. Nguvu ya mjumbe hutegemea njia mbili: neno letu kupanda, na jibu kushuka. Chakula kilipopunguzwa, mjumbe hakuweza kukirudisha. Lakini aliweza kuleta orodha isomwe hadharani, kila mtu ajue kwa nini jina lake limo au halimo. Aliweza kwenda ofisini na majina ya wajane na wagonjwa walioachwa, kisha arudi kutuambia alichojibiwa, hata kama jibu ni "hapana". Palipofanyika hivyo watu walilala na njaa, lakini hawakugombana. Palipokuwa kimya, uvumi ulitangulia, na majirani wakatazamana kwa jicho baya.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza ni letu sisi wakazi: twende tukachague, na tumwulize kila anayetaka ujumbe maswali haya: atatuita mkutano mara ngapi, atatuletea vipi majibu, na tukimwona hafai atakubali kuondoka? Asiyejitokeza kuchagua asije akalalamika kwenye foleni ya maji.

La pili ni la wajumbe: orodha si mali ya mjumbe. Jamaa yako, rafiki yako na mtu wa lugha usiyoijua wote wasimame mbele yako sawasawa. Akina mama waliomo katika Kamati wasipewe kazi ya kupika chai ya mkutano tu. Ndio wanaojua nani hakupika jana.

La tatu ni la wageni wetu. Mnapoiita Kamati, msiiite kwa kutangaziwa yaliyokwisha kuamuliwa peke yake. Iiteni kabla, wakati neno lake linaweza kubadili kitu. Na pale ambapo haliwezi kubadili kitu, tuambieni wazi, ili mjumbe wetu asirudi kwetu mikono mitupu na mdomo uliofungwa.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Nasi tunaongeza kwamba wazee hao lazima wawe wametumwa na watu, na wawe wanarudi kwao. Siku ya uchaguzi tukutane hapa hapa uwanjani, mapema, kabla jua halijawa kali.