Chupa, Chumvi na Jivu



Leo nataka kusema nanyi habari za vitu vichache ambavyo ni nadra nyumba kuvikosa: chupa tupu, chumvi, jivu la jikoni, na dumu la mafuta lililokwisha kazi yake. Ni vitu duni, wala hapana mtu ajisifuye kwa kuwa navyo. Walakini mtu akivitumia kwa akili aweza kuyalinda mahindi na maharage yake tangu mavuno hata mavuno.

Yafaa kwanza tuitazame hasara yenyewe. Katika Mkoa wa Songwe mvua huanza karibu na mwezi wa Novemba, na mahindi huvunwa tangu Mei hata Julai. Wakati huo kila nyumba ina mahindi, basi bei yake ni ndogo. Wachuuzi hupita Mlowo, Vwawa na vijijini, wakanunua na kuyapeleka Tunduma na kwingineko. Mwenye shamba huuza upesi, na mara nyingi si kwa kuwa chakula kimemzidi, ila kwa kuwa aogopa wadudu. Asema moyoni, "Heri nipate fedha kidogo leo kuliko kubaki na vumbi la bungu." Hata Januari ifikapo, mtu yule yule huenda sokoni na debe lake, akayanunua mahindi kwa bei kubwa kupita ile aliyouzia. Kwa maoni yangu, woga huu hula fedha nyingi kuliko wadudu wenyewe.

Basi na tuanze na chupa na chumvi. Desturi yetu ni kuuma punje kwa meno ili kujua kama imekauka. Wazee wenye mazoea hawakosei sana, lakini meno ya kijana hayajui kitu. Twaa chupa ya kioo, safi na kavu kabisa, yenye kifuniko kinachoshika. Tia mahindi hata yafike theluthi ya chupa. Kisha tia vijiko viwili au vitatu vidogo vya chumvi iliyo kavu. Kama chumvi ina unyevu, ikaange kidogo juu ya moto, uiache ipoe. Funga, utikise muda wa dakika moja, kisha uiweke chini dakika 15. Sasa tazama kioo. Ikiwa chumvi imenata ubavuni mwa chupa, mahindi hayo yana maji kupita sehemu 15 katika mia, na hayafai kuwekwa akiba. Yarudishe juani. Ikiwa chumvi yote imeanguka chini, yamekaribia. Yape siku moja au mbili zaidi za jua kali, kwa maana wataalamu hutaka unyevu usizidi sehemu 13 hivi.

Msidhani ya kuwa hili ni jambo la mchezo. Mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hufanya sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo anikaye mahindi na ayaanike juu ya mkeka au turubai, asiyaanike juu ya udongo mtupu.

Sasa maharage. Watu wengi hufikiri mdudu wa maharage huzaliwa ghalani. Sivyo, aghalabu huja nasi kutoka shambani, kwa kuwa jike hutaga mayai yake katika maganda yaliyokwisha kukauka. Ndiyo sababu maharage yakikawia shambani hubunguliwa upesi nyumbani. Katika nchi za juu zenye baridi, kama Mbozi na milima ya Ileje, mdudu aliye mwingi ni yule asiyegandisha mayai yake juu ya punje. Huyatawanya tu katikati ya maharage. Mtoto wake atokapo katika yai hana budi kutoboa punje, na kazi hiyo humchukua karibu siku nzima. Tena hawezi kutoboa bila kuegemea punje ya pili, kama mtu asukumaye mlango aegemezavyo miguu yake ukutani.

Hapo ndipo palipo na hila nzuri. Mwaka 1991 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, waliandika ya kuwa maharage yakiviringishwa kidogo kila baada ya saa nane, mdudu huondolewa katika tundu lake alilolianza, akaanza jingine, akaondolewa tena, hata akafa kwa kuchoka. Wadudu walipungua kwa sehemu 97 katika mia. Haitakiwi dawa wala fedha. Tia maharage katika chupa kubwa au dumu, lisijae, liwe nusu tu, ulilaze. Kisha mtoto aliviringishe asubuhi, alasiri, na usiku kabla ya kulala. (Wanafunzi wadogo huipenda kazi hii kuliko kufagia uwanja.) Wale waliokwisha kuingia ndani ya punje hawatakufa, ila watoto wao hawatapata pa kuingia. Katika bonde la joto karibu na Ziwa Rukwa msiitegemee sana hila hii, kwani huko yupo mdudu wa pili, agandishaye yai lake juu ya punje yenyewe.

Kwa wa huko, jivu ni bora. Wazee wetu walilijua jivu zamani, ila wengi siku hizi hunyunyiza konzi moja, kisha hulalamika. Jivu si sumu. Kazi yake ni kujaza nafasi baina ya punje, mdudu asipate njia ya kupita wala ya kutaga. Basi ni lazima liwe jingi. Huko Kamerun, katika kunde, ilionekana yatakiwa kama vibaba vitatu vya jivu kwa vibaba vinne vya kunde, na tabaka ya jivu juu yake. Lichekeche, liwe limepoa, na liwe la kuni tupu. Jivu la mbao zenye rangi au la plastiki halifai. Kwa mahindi yenye dumuzi jivu peke yake si kinga ya kutegemewa; huyo hupenda hasa mahindi yaliyo bado katika gunzi, basi yapukuchueni kwanza.

Tena lipo dumu. Lijazwe maharage makavu au mahindi makavu hata shingoni, likafungwe kwa kipande cha mpira chini ya kifuniko, hewa isipite. Wadudu waliomo huimaliza hewa yao, kisha hufa. Usilifungue kila siku kuchungulia! Walakini dumu au chupa iliyokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa isitiwe chakula kamwe, hata ikiwa imeoshwa mara kumi. Itobolewe, isipate kutumika tena.

Na yale ya mbegu, kabla ya mvua hesabu punje kumi, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu, uziangalie kwa muda wa juma moja. Zikiota nane au zaidi, panda kama desturi yako. Zikiota tano, tia punje nyingi zaidi katika kila shimo. Zikiota mbili au tatu, wapikie watoto maharage hayo, ukatafute mbegu kwa jirani mapema, kabla naye hajamaliza kupanda.