Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone
(Maneno ya mwalimu wa shule ya kambi, siku ya kumbukumbu)



Nimeombwa niseme juu ya watu wanaosafiri kwenda kutazama mahali palipotokea msiba. Jambo hili latuhusu, maana hata kambini kwetu wageni huja na kamera.

Hapa Rwanda, wengi huanzia Gisozi, Kigali. Jumba lile la kumbukumbu lilifunguliwa Aprili 2004, na hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Wengine hufika kanisa la Nyamata, ambamo nguo za marehemu zimewekwa juu ya mabenchi. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero katika orodha ya urithi wa dunia.

Wapo wanaouliza: je, si aibu kufanya makaburi kuwa matembezi? Mimi naona aibu haiko katika kuja, iko katika namna ya kuja. Mauaji yale yana watu wanaoyakana mpaka leo. Mgeni anayenyamaza, akasikiliza na kusoma majina, anarudi kwao akiwa shahidi. Anayepiga picha na kuondoka amechukua tu, hakuacha kitu.

Tazameni Nyamirambo, mtaa wa Kigali unaojulikana kwa Kiswahili chake. Mwaka 1994, Damas Gisimba aliwaficha humo watu wapatao 400, wengi wao watoto, katika kituo chake cha mayatima. Mgeni aliyeona mifupa peke yake anajua jinsi watu walivyouawa. Akisikia habari za Gisimba, anajua pia kwamba mtu aliweza kukataa. Wanafunzi wetu wanahitaji masomo yote mawili.

Tena, mtaani humo kipo kituo cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 2007. Akina mama wenyewe huwatembeza wageni na kuwaeleza maisha ya mtaa, na mapato husaidia kazi za kituo. Pale mwenyeji ndiye msemaji.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili nasi tupone, naiomba kamati mambo matatu. Kwanza, kila mgeni atembezwe na mkazi wa kambi. Pili, mtoto asipigwe picha mzazi wake hajakubali, wala wanafunzi wasitolewe darasani kwenda kuwaimbia wageni. Tatu, anayeandika habari zetu atuletee nakala, tuiweke shuleni.

Ndugu zetu wa mashirika, ninyi ndio mnaoleta wageni wengi. Tunawaomba muwaeleze haya kabla hawajashuka garini. Na aliyefiwa asilazimishwe kusimulia. Msiba wake si deni analodaiwa na mgeni.