Deki Ikigoma, Tuangalie Kwanza Kabla ya Kununua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba wetu wa Baraka, kwenye kikao cha mwisho wa mwezi)



Leo nilipaswa kuongea juu ya kisanduku chetu cha akiba. Nitaongea juu ya deki ya DVD, lakini mtaona kisanduku kiko ndani yake.

Mama mmoja kati yetu aliomba mkopo anunue deki mpya. Yake ilikataa kufungua mlango, na ndani mlibaki diski ya maziko ya baba yake kule Lugufu. Hana nyingine. Kambi ilifungwa mwaka 2009, na kaburi liko ng'ambo ya ziwa. Kijana wake alikuwa amekwisha kamata kisu avunje ule mlango. Tukamwambia: ngoja kwanza.

Tulichomoa waya wa umeme, tukaacha deki ipumzike, kisha kijana wetu anayetengeneza radio akafungua kifuniko. Shida ilikuwa nini? Kamkanda kembamba ka mpira. Mota inazunguka, mkanda umelegea unateleza, mlango hausogei. Akazungusha gurudumu la plastiki kwa kidole, polepole, mlango ukatoka. Diski iko nzima. Mkanda tuliuosha kwa sabuni, ukakauka, ukarudishwa. Utasaidia kwa muda, halafu tutaweka mwingine.

Basi mjue na dalili zingine.

Ikiandika "NO DISC", jaribu diski nyingine kwanza. Zote zikikataliwa, mara nyingi lenzi ina vumbi. Chukua pamba kidogo yenye alkoli ya famasi, pangusa taratibu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Ikianza vizuri halafu ikwame mbele, kumbuka diski inasomwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Kwanza tazama kama ukingo wa diski ni mchafu. Pangusa kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Kama ni safi, pengine grisi ya vile vireli vinavyobeba lenzi imekauka. Ondoa ile ya zamani, weka kidogo mpya. Mawese hapana! Yanavuta vumbi na kugandisha kila kitu.

Ikisaga kwa kelele, izime upesi. Ama diski haikukaa vizuri, ama jino la gurudumu limevunjika. Ndiyo maana nasema deki zilizokufa zisitupwe: mikanda na meno yake yanafufua zingine.

Tahadhari mbili. Usitazame ndani ya lenzi deki ikiwa inawaka, ule mwanga unaumiza jicho. Na usiguse upande ule waya wa umeme unapoingilia; hata ukichomoa, umeme unaweza kubaki mule.

Mota ikiungua kabisa, au lenzi ikifa, sawa, hapo tutaongea juu ya kununua.

Yule mama aliondoa ombi lake, na zamu ya mkopo ikaenda kwa memba mwingine, mwenye shamba la mihogo. Kwa marafiki wanaotusaidia, ombi letu ni dogo: bisibisi ndogo ndogo, mikanda ya mpira, na alkoli.

Na ninyi wenye diski za harusi na maziko ya kambini: deki inatengenezwa, lakini diski ikivunjika imekwisha. Kopisheni sasa, mlango ungali unafunguka.