Lugha ya Dirishani: Chelvanayakam na Watamil wa Sri Lanka

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliokubali kubanana nyuma ili wazee wapate viti.

Nimeombwa niseme juu ya utumishi wa Serikali. Mtaniwia radhi nikiwapeleka mbali, hadi kisiwa cha Sri Lanka, ambacho mpaka mwaka 1972 kiliitwa Ceylon. Habari za mwanasheria mmoja wa huko, S.J.V. Chelvanayakam, yafaa azijue kila mtu atakayeketi siku moja nyuma ya dirisha la ofisi.

Alizaliwa mwaka 1898 huko Ipoh, Malaya, akakulia Jaffna, kaskazini mwa Ceylon. Alifundisha shule kwanza, kisha akawa wakili. Sauti yake ilikuwa ndogo. Tena alikuwa Mkristo, ilhali wengi wa Watamil waliomfuata ni Wahindu. Mwaka 1948 ilipitishwa sheria ya uraia iliyowaacha nje vibarua wengi wa mashamba ya chai, Watamil wenye asili ya India. Chama chake kikaridhika kubaki serikalini. Yeye akatoka, na Desemba 1949 akaanzisha pamoja na wenzake Chama cha Shirikisho. Alidai madaraka ya majimbo ndani ya nchi moja, na alipenda kusema "watu wanaosema Kitamil", maana aliwahesabu humo hata Waislamu wa mashariki na watu wa mashamba ya chai.

Sasa tuje kwenye lugha. Ofisi za Ceylon zilifanya kazi kwa Kiingereza, ambacho wachache tu walikijua. Mkulima wa Kisinhala alikuwa na haki ya kukasirika. Sisi wenyewe sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama tumeipata mwaka 2021. Mwaka 1956 S.W.R.D. Bandaranaike aliomba kura kwa ahadi ya kukitawaza Kisinhala katika muda wa saa 24, akashinda. Kosa halikuwa kukiondoa Kiingereza. Kosa lilikuwa neno "pekee". Tarehe 5 Juni Chelvanayakam na wenzake waliketi kwa amani kwenye uwanja wa Galle Face, Colombo, wakapigwa na kundi la watu.

Watumishi wenzangu, nisikilizeni hapa. Karani Mtamil alitakiwa afaulu mtihani wa Kisinhala, la sivyo nyongeza yake ya mshahara husimamishwa. Mmoja wao, Kodeeswaran, alikataa kuufanya, akakosa nyongeza mwaka 1962, akaishtaki Serikali. Mahakama ya wilaya ikampa haki mwaka 1964; mahakama ya juu ikaitengua mwaka 1967; rufani ya London ikairudisha kesi mwaka 1969. Lakini swali lenyewe, kama sheria ya lugha ilikuwa halali, halikujibiwa kamwe. Na huyo ni karani, mtu aliyesoma. Mfikirieni mjane anayeletewa barua ya mirathi asiyoweza kuisoma.

Chelvanayakam aliomba nini? Mkataba aliotiliana sahihi na Bandaranaike Julai 1957 ulikiacha Kisinhala kuwa lugha rasmi. Kitamil kingetumika katika ofisi za kaskazini na mashariki tu, pamoja na mabaraza ya mikoa. Aprili 1958 watawa wa Kibudha walikusanyika nyumbani kwa Waziri Mkuu, naye akaukana mkataba. Mwezi uliofuata zikazuka ghasia zilizoua watu wengi. Mwaka 1961 wafuasi wa Chelvanayakam waliketi milangoni mwa ofisi za Serikali huko Jaffna na kwingineko, hata wakaanzisha posta yao yenye stempu zao. Ikatangazwa hali ya hatari, naye akawekwa kizuizini. Mwaka 1965 akatia sahihi tena, safari hii na Dudley Senanayake. Mabaraza yaliyoahidiwa hayakuundwa.

Wapo wanaomlaumu kwamba aliamini mno karatasi. Mimi siwaungi mkono. Ahadi ilivunjwa na wale walioogopa wapiga kura wao wenyewe, na mtu wa sheria angetumia silaha gani isiyokuwa karatasi? Mwaka 1976, mwili umedhoofika kwa ugonjwa wa Parkinson, aliongoza mkutano wa Vaddukoddai uliodai nchi ya pekee. Alifariki tarehe 26 Aprili 1977. Vijana waliochoka kungoja walishika bunduki, na vita vikadumu tangu 1983 mpaka 2009. Sisemi lugha peke yake ilileta vita. Palikuwa na mambo ya ardhi na ya nafasi za vyuo vikuu pia.

Mwaka 1987 katiba ilibadilishwa, Kitamil nacho kikawa lugha rasmi. Alikuwa kaburini miaka 10. Hata baada ya hapo barua nyingi za Serikali ziliendelea kufika kaskazini kwa Kisinhala, kwa kuwa watumishi wanaoweza kuandika Kitamil hawakutosha.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wamekwisha kupakua. Vijana wenye maswali wanikute bwaloni.